Mali Bila Daftari

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa na wengi na kutendwa na wachache. Kupotea kwa mali ya namna hii hakuna kishindo. Mwizi akivunja mlango wa duka mbwa hubweka na majirani huamka. Lakini shilingi ikitoka bila kuandikwa hapana abwekaye wala aamkaye. Tena shilingi hiyo hupotea mara mbili. Kwanza hupotea mkononi mwa mwenyewe, asijue ilikokwenda. Pili hupotea mbele ya mtoza kodi, asiweze kusema ilikokwenda. Upotevu wa kwanza huleta majuto; upotevu wa pili huleta deni. Huo wa pili haujapata kusemwa vya kutosha.

Wilaya ya Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, ni mahali panapofaa kuutazama upotevu huo, kwa sababu biashara yake imekaa juu ya njia mbili. Mji wa Kilosa ni mtoto wa reli. Misafara ya zamani ilipita bonde la Mkondoa ikielekea bara, na reli ya Wajerumani, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ililifuata bonde hilo. Mkonge wa mashamba ya Kimamba na mazao ya vijiji yakapata njia ya kwendea pwani. Mji wa Mikumi ni mtoto wa barabara. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia huikata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kisha huingia mjini, mahali inapoachana na njia ya Kidatu na Ifakara. Mwenye duka wa Kilosa huuza kwa watu anaowajua kwa majina, na majina ya baba zao pia. Mama lishe wa Mikumi huuza kwa madereva na abiria ambao yamkini hatawaona tena. Wa kwanza ana madeni mengi ya kudai na fedha kidogo. Wa pili ana fedha nyingi za papo kwa papo na kumbukumbu kidogo. Ukiwauliza wote wawili walitumia kiasi gani mwaka jana ili wapate walichopata, jibu lao ni moja: wataitazama dari.

Si ujinga unaowafanya waitazame dari. Ni mazoea, nayo yana historia. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba. Waingereza walipoitwaa nchi waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa, na baada ya uhuru ilikuwapo kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003. Katika kodi hizo zote mlipaji alihitaji karatasi moja tu, nayo ni stakabadhi ya kuonyesha kuwa amelipa. Aliikunja, akaitia ndani ya kikopo, akaitoa alipoulizwa. Hapakuwa na haja ya kueleza alikula nini, alipanda nini wala alinunua jembe kwa bei gani, maana kodi ilihesabu vichwa na mapaa. Kodi ya mapato ni ya tabia nyingine. Yenyewe haihesabu vichwa. Huuliza umepata nini, na umetumia nini ili upate. Karatasi iliyokuwa mwisho wa shauri imekuwa mwanzo wake. Lakini mazoea ya karatasi moja hayajafa. Hata leo wafanyabiashara wengi huitunza vizuri sana stakabadhi ya kodi waliyolipa, na huzitupa stakabadhi zote ambazo zingepunguza kodi hiyo.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania iliyoanza kazi mwaka 1996, ina kanuni fupi juu ya gharama. Gharama inayoruhusiwa kuondolewa katika mapato ni ile iliyotumika yote, tena kwa ajili ya kuyapata mapato hayo peke yake. Kanuni ni rahisi kusoma, na ni ngumu kufuata kwa mtu ambaye duka lake na nyumba yake vina mlango mmoja. Mchele, mafuta, nyama, mkaa, pango la kibanda, ujira wa wasaidizi, umeme na leseni ni gharama za mama lishe wa Mikumi. Sahani ya wali anayompakulia mwanawe atokaye shule si gharama ya biashara, ingawa imetoka katika sufuria ile ile. Ada ya shule si gharama ya biashara, ingawa ndiyo sababu iliyomfanya awashe moto alfajiri. Mkopo si mapato siku unapoingia, wala si gharama siku unaporudishwa. Riba yake ndiyo gharama. Jokofu la vinywaji haliondolewi lote siku linaponunuliwa, bali sheria hukubali kuwa kitu huchakaa, ikaruhusu sehemu ya thamani yake kila mwaka. Kompyuta na magari madogo hupewa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Samani na vifaa visivyotajwa penginepo hupewa asilimia 12.5. Na mwaka wa hasara nao una thamani yake, kwa sababu hasara iliyothibitishwa huweza kupelekwa mwaka unaofuata ikapunguza faida ya mwaka huo. Mwenye sufuria moja kwa nyumba na biashara hana budi kuwa na daftari la kuzitenga, maana sufuria haitasema.

Hapa pana jambo lisilofahamika na wengi. Mfanyabiashara mdogo aghalabu hatozwi kodi kwa faida yake. Hutozwa kwa mauzo yake, kwa jedwali la makadirio. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilikipandisha kikomo cha jedwali hilo hadi mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka. Katika jedwali gharama hazitazamwi kabisa. Aliyepata faida na aliyepata hasara, mauzo yao yakilingana na vitabu vyao vikilingana, kodi yao hulingana. Mtu akisikia haya huweza kusema: kama gharama hazitazamwi, daftari la nini? Hilo ndilo kosa linalogharimu zaidi kuliko mengine yote, na hesabu ndogo itaonyesha kwa nini.

Mathalani mwenye duka wa Kilosa ameuza bidhaa za shilingi 8,000,000 kwa mwaka mzima. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mtu mwenye mauzo yaliyozidi milioni 7 na yasiyozidi milioni 11, asiyekuwa na kumbukumbu, alitakiwa kulipa shilingi 250,000. Mwenye kumbukumbu alitakiwa kulipa shilingi 90,000 na asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7. Kilichozidi ni milioni moja, na asilimia 3 yake ni 30,000, jumla 120,000. Sheria imelipa daftari bei yake: shilingi 130,000. Katika daraja la chini yake, la mauzo yaliyozidi milioni 4 hadi milioni 7, asiye na kumbukumbu alilipa 100,000. Mwenye kumbukumbu aliyeuza kwa milioni 5 alilipa 30,000 tu. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayakutozwa kitu. Viwango hubadilika Bunge linapotaka, lakini tofauti kati ya aandikaye na asiyeandika ilitiwa ndani ya sheria kwa makusudi.

Hesabu haijaisha. Mfanyabiashara huyo ana haki ya kuchagua kutoka katika jedwali la mauzo na kutozwa kwa faida yake ya kweli, kama watozwavyo watu wengine. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliweka kuwa mapato ya mtu yasiyozidi shilingi 270,000 kwa mwezi, yaani 3,240,000 kwa mwaka, hayatozwi kodi. Sasa ikiwa katika mauzo yale ya 8,000,000 mwenye duka anaweza kuthibitisha kuwa bidhaa, nauli za mizigo, pango, ujira na riba vilimla shilingi 6,000,000, faida yake ni 2,000,000. Faida hiyo iko chini ya kikomo, na kodi yake ni sifuri. Mtu mmoja, duka moja, mwaka mmoja, na kodi tatu: 250,000, au 120,000, au hapana kitu. Kilichobadilika si mali yake wala bidii yake. Ni kalamu yake. Shilingi 250,000 katika duka la namna hiyo ni magunia, ni pango la miezi, ni ada ya mtoto. Kwa hiyo neno kuthibitisha ni zito kuliko magunia hayo.

Kuthibitisha si kazi nyepesi, na atakayesema kuwa ni nyepesi hajapata kununua nyanya sokoni. Kuku hununuliwa kijijini, mkaa hununuliwa njiani, mchele hununuliwa kwa mkulima anayekuja na baiskeli. Hao hawana mashine ya risiti wala hawatarajiwi kuwa nayo. Mama lishe mwenye busara huandika mwenyewe siku hiyo hiyo: tarehe, jina la muuzaji, kijiji chake, kitu, kipimo, bei, na saini au dole gumba la muuzaji. Karatasi hiyo haina nguvu sawa na risiti ya mashine. Afisa huweza kuikubali na huweza kuitilia shaka. Lakini karatasi inayotiliwa shaka huweza kutetewa. Neno tupu halina hata cha kutiliwa shaka.

Kikwazo kingine kinatoka kwa wenye maduka ya jumla. Mashine za kielektroniki za kutolea risiti ziliingizwa nchini mwaka 2010, zikaanza na wafanyabiashara wakubwa, kisha zikawafikia wengine. Sheria imemfunga muuzaji atoe risiti, na imemfunga mnunuzi aidai. Hata hivyo swali moja limezoeleka katika biashara: unataka kwa risiti au bila risiti? Bei ya bila risiti ni ndogo, na mwenye duka aliyetoka Kilosa kwa nauli yake huona amepata nafuu. Nafuu hiyo ni mkopo wenye riba asiyoiona. Kwa shilingi chache alizopunguziwa ameuza ushahidi wake mwenyewe. Muuzaji wa jumla ameficha mauzo yake, naye mnunuzi amepoteza gharama yake. Siku ya hesabu mmoja wao anacheka na mwingine anaulizwa.

Simu ya mkononi imeleta dawa na maradhi pamoja. Tangu mwaka 2008, huduma za fedha kwa simu zilipoanza Tanzania, dereva aliyekula Mikumi huweza kulipa bila noti, na kila malipo huacha alama ya tarehe na saa. Ni daftari lijiandikalo lenyewe. Lakini daftari hilo linajua fedha imeingia. Halijui imeingia kwa nini. Katika namba ile ile huingia mchango wa harusi ya mpwa, rambirambi za msiba wa Kimamba, fedha za upatu, na fedha aliyotumwa ndugu anunue dawa. Zikijumlishwa zote huonekana kuwa mauzo, na mwenye simu huonekana tajiri asiyekuwa. Dawa yake ni namba mbili, moja ya nyumba na moja ya kazi, na mstari mmoja wa daftari kwa kila fedha isiyo ya biashara. Desturi ya kuchangiana ni pambo la watu wa nchi hii. Si haki igeuke kuwa faida ya kutozwa kodi kwa sababu tu haikuandikwa.

Hata kilichoandikwa hakina budi kulindwa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Miaka mitano ni mingi katika bonde la Mkondoa. Desemba 2009 na Januari 2010 mto ulifurika Kilosa. Nyumba zikaanguka, maelfu ya watu wakakosa makao, na reli ikakatika. Maji hayachagui kati ya godoro na daftari. Risiti za mashine nazo zina adui wa pili, kwa maana wino wake hufifia kwa joto, na baada ya miezi michache karatasi hubaki nyeupe kama iliyotoka kiwandani. Aliyeizoea hali ya Kilosa huinakili risiti daftarini siku ile ile au huipiga picha, na huweka nakala katika nyumba ya ndugu aishiye mlimani. Tahadhari hii si ya matajiri. Tajiri huweza kumudu kulipa mara mbili.

Yote haya yana upinzani, na upinzani huo haustahili kudharauliwa. Wapo wasemao kuwa daftari ni mtego: ukiandika kweli, kweli yako itatumika kukukamua, ukikaa kimya, utakadiriwa na kupatana. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka yao wakilalamikia namna ya ukusanyaji wa kodi, hata Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Watu hawafungi maduka yao kwa mchezo, maana duka lililofungwa humla mwenyewe kwanza. Dola inayodai maandishi imejitwika wajibu wa kuyasoma. Ikiwa mtu ameandika kwa uaminifu mwaka mzima, kisha akakadiriwa kana kwamba hakuandika, basi amefundishwa kutoandika, na mwalimu wa somo hilo hana haki ya kulaumu mwanafunzi.

Lakini jibu la dhuluma ya makadirio haliwezi kuwa ukimya, kwa sababu ukimya ndio chakula cha makadirio. Sheria humpa mlipaji siku 30 za kupinga uamuzi wa kodi, naye hutakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Siku 30 hazitoshi kukumbuka mwaka mzima. Zinatosha tu kufungua daftari lililokwisha andikwa. Mwenye daftari huingia ofisini akiwa mtu wa kuhojiana. Asiye nalo huingia akiwa mtu wa kuomba. Heshima hiyo haimo katika jedwali la kodi, lakini ni sehemu ya faida. Ama wale wanaotunza madaftari mawili, moja la kweli na moja la kuonyesha, hao wamekubali kuwa kuandika kuna manufaa. Hawajakubali tu kuwa uwongo nao huhitaji kumbukumbu nzuri kuliko kweli.

Uandishi wenyewe hauhitaji elimu kubwa. Daftari la mistari lenye safu nne latosha: tarehe, jambo, kilichoingia, kilichotoka. Kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, safu hujazwa. Kila mwisho wa wiki hujumlishwa. Na robo ya mwaka inapofika, Machi, Juni, Septemba na Desemba, mwezi wa kulipa sehemu ya kodi haumshtui mtu. Waislamu wa Kilosa hawana haja ya kufundishwa jambo hili kana kwamba ni geni kutoka ofisini, kwa sababu aya ya madeni katika sura ya Albakara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kurani, inaamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Wazee wenye maduka walikuwa na daftari la madeni kabla ya mamlaka yoyote ya mapato kuundwa. Waliandika nani anadaiwa nini. Kilichobaki ni kugeuza ukurasa na kuandika kwa uangalifu ule ule wao wenyewe walitoa nini.

Tena daftari halimngojei mtoza kodi peke yake. Mwenye duka akifa, siku ya tatu wadai hufika. Kila mmoja ana kauli, na wote wana haraka. Wadaiwa hawafiki. Kodi ambayo marehemu hakuilipa haizikwi naye. Hudaiwa katika mali aliyoiacha. Mjane aliyekuwa hagusi mizani anatakiwa kujibu juu ya miaka asiyoijua. Akiwa na daftari atajua nani alipwe, nani adaiwe, gharama ipi ilikuwa ya kweli, na watoto wamebakiwa na nini. Asipokuwa nalo, duka la miaka ishirini huweza kugawanywa kwa siku saba na watu wenye kumbukumbu nzuri za madai yao. Mume aliyeandika kila jioni hakuwa akiiandikia serikali tu.